Sarafu za Jirani, Ukwaju wa Bibi

Kisanduku kimekaa juu ya friji yangu wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi nikitoa maziwa nakiona, na kila asubuhi najiambia jioni nitakifungua. Jioni ikifika nakumbuka nguo za kuanua. Kama hunijui, basi jua hili kwanza: mimi ni hodari wa kuahirisha, na haya nitakayokusimulia ni habari za jambo nililoliahirisha tangu nikiwa na miaka tisa.

Kilinifikia hivi. Mpwa wa Jirani, yule mama aliyekaa ng'ambo ya uzio wetu zamani, alinipigia simu. Huyo mpwa utotoni nilimsikia tu akitajwa, yule aliyeishi mbali kaskazini na kuja Krismasi. Alisema shangazi yake alifariki wakati wa baridi, katika nyumba ya kutunzia wazee, usingizini, bila maumivu. Nyumba imeuzwa, itavunjwa zijengwe mbili mahali pake. Na kuna kisanduku chenye jina langu, nije nikichukue kabla ya mwisho wa mwezi.

Kutoka Doonside ninapoishi, hapa Sydney, hadi Toongabbie ni stesheni tatu tu za treni. Tatu, rafiki yangu, na nilikuwa sijakanyaga pale miaka kumi na minne. Nilishuka, nikapita duka la Wahindi karibu na stesheni, bado linanuka bizari na udi vile vile, nikakunja kona yetu. Nyumba tuliyopanga zamani imepakwa rangi ya kijivu na mlangoni kuna viatu vya watoto wa watu wengine. Ya Jirani ilikuwa haina mapazia. Mlimau wake uliokuwa ukiegemea uzio ulikuwa umekatwa, na nilipoinama kwenye kisiki bado nilisikia harufu ya limau.

Mpwa mtu akanikabidhi kisanduku kwa mikono miwili. Ni mtu muungwana, akaona aniambie ukweli. Alisema alitoa sarafu chache zilizomo, bila kutazama bahasha zake, akazipeleka mjini kwa mtu anayenunua sarafu za kale, labda zina bei. Yule mtu akazitazama dakika mbili, akazirudisha. "They've been cleaned," alimwambia. Zimesuguliwa, hakuna atakayezitaka. "Sijui nani aliyefanya kitu kama hicho," mpwa mtu akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nani aliyefanya? Bibi yangu ndiye aliyesugua. Lakini aliyefanya ni mimi.

Bibi alitujia nikiwa darasa la tatu. Mama alikuwa muuguzi, zamu za usiku na za mchana zikimpokezana, baba aliendesha lori la mikate tangu alfajiri, na mimi nikilelewa na televisheni. Basi mama akampigia simu mama yake Tanga, na Bibi akaja na viza ya mwaka mmoja, masanduku mawili, na mbuzi ya kukunia nazi. Askari wa forodha pale uwanja wa ndege aliigeuza ile mbuzi, akapapasa meno yake ya chuma, akauliza hii ni silaha gani. Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Akaichukua, akaiweka chini pale pale, akaikalia, akaonyesha kwa mikono jinsi nazi inavyokunwa. Foleni nzima ilicheka. Mama husema alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ndani ya wiki moja nyumba ilibadilika harufu. Iliki, nazi, vitumbua vya Jumamosi vikigeuzwa kwenye chuma alichokitoa kwenye lile sanduku la pili. Mchele wa supamaketi aliuchambua kila siku kwenye trei ya oveni, punje kwa punje. Nilimwambia mchele wa Australia hauna mawe. Akasema, "Hujui wewe. Mawe yapo, ila yana adabu." Yeye akinisemesha Kiswahili, mimi nikimjibu Kiingereza, au nikibanwa Kiswahili changu cha kuokoteza, na sijui ni kwa vipi tulikuwa tukielewana. Nadhani Bibi alisoma uso wangu kuliko maneno yangu. Hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Ng'ambo ya uzio alikaa yule mama wa Kizungu, mrefu, mjane, aliyestaafu kazi ya kukata tiketi za treni. Urafiki wao ulianzia kwenye malimau. Mlimau wake ulizaa kupita kiasi na mengine yakawa yanaozea chini, na Bibi chakula kikioza alikuwa haoni raha. Siku moja akasimama juu ya kreti la soda, akaita, "Jirani! Jirani wee!" na kunyoosha kidole. Yule mama akafikiri ameitwa kwa jina. Akajaza ndoo, akaipitisha juu ya uzio. Kwa Bibi, kurudisha chombo cha mtu kitupu ni aibu isiyosemeka, basi ndoo ikarudi na vitumbua. Kesho yake ikaja na waridi. Mwaka ule wote ndoo ile ya bluu haikutulia. Na yeye kila asubuhi akiona ushungi wa Bibi umechungulia, huita kwa sauti yake nzito, "Jirani!" Bibi naye humjibu, "Jirani!" Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao kamili. Yaliyobaki yote yalipita kinywani mwangu.

Kila Alhamisi mama alitoka zamu ya usiku akalala mchana, na Bibi, ili nyumba iwe kimya, alinichukua nikitoka shule tukaenda kunywa chai kwa Jirani. Tulikaa barazani nyuma ya nyumba. Kulikuwa na ndege wale weupe kwa weusi wanaopiga filimbi, na ukifika Oktoba maua ya zambarau ya mjakaranda yalijaa hadi kwenye visahani. Chai ya Jirani, Bibi aliiona maji ya kuoshea kikombe, ila aliinywa yote kwa heshima. Halafu Jirani alitoa kisanduku.

Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye bawaba za shaba, na ndani yake bahasha ndogo za karatasi, arobaini na kitu, zimesimama kwa mstari. Kila bahasha ina sarafu moja, na juu yake maandishi ya penseli: jina la mji, mahali alipoipata, na hali yake. Ya kwanza aliachiwa na baba yake, aliyekuja Sydney akiwa mpishi wa meli kutoka Hamburg. Hiyo ni ya Hamburg, ina lango lenye minara mitatu. Nyingine alizisaka mwenyewe miaka na miaka, kwa barua na kwenye maonyesho ya Jumapili. Na hakutaka sarafu za wafalme, hata ungempa bure. Alitaka zile tu zilizotolewa na miji. Alitueleza kwamba zamani huko Ulaya kulikuwa na miji iliyojitawala, yenye kuta na malango, na kila mji uligonga pesa yake wenyewe na kuweka alama yake. Bern ina dubu. Geneva ina nusu ya tai na ufunguo. Augsburg ina tunda la msonobari, ambalo Bibi alilitazama, akalirudisha, akalitazama tena, akasema hilo ni stafeli. Nikafasiri. Jirani alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo mji ule ukawa unaitwa Stafeli.

Bibi maswali yake hayakwisha. Mji mmoja, pesa yake peke yake? Na mtu akitoka langoni, je? Jirani akajibu kwamba ukitoka langoni pesa ile inakuwa haina kazi, labda umpate mtu wa kuibadilisha. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. "Kama maneno yangu mimi hapa," akasema. Hilo sikulifasiri. Sikuona umuhimu wake.

Mwanzoni, unajua, niliona fahari. Watu wazima wawili wananingoja mimi! Nilifasiri kila neno, hata kikohozi. Lakini mtoto ni mtoto. Ilipofika miezi michache nilikuwa nimechoka. Watoto wa mtaa wanacheza kriketi barabarani, nasikia kelele zao, na mimi nimekaa katikati ya vizee viwili vinavyotaka kujuana. Jirani akizungumza dakika tano, mimi namwambia Bibi maneno matatu. Bibi akiuliza, "Amesemaje?" namjibu, "Nothing, Bibi," hakuna kitu. Au, "Anasema kuna joto." Bibi alinitazama, akaitazama midomo ya Jirani iliyokuwa imetembea muda wote ule.

Alhamisi moja Jirani alishika sarafu ya Hamburg kwa kingo zake, nyeusi kama iliyotoka jikoni, akanigeukia mimi. Aliongea polepole ili nisikie vizuri. Alisema hizi hazioshwi kamwe. Hazisuguliwi kwa sabuni, wala kwa kitambaa, wala kwa kidole. Huo weusi ndio umri wake, umechukua mamia ya miaka kuja, na ukiuondoa haurudi. Kisha akasema, "Tell your Bibi, love." Mwambie Bibi yako. Alimaanisha kweli. Alikuwa amemwona Bibi akitaka kuifuta moja kwa upindo wa kanga.

"Amesemaje?" Bibi akauliza.

Nje mtu alikuwa amepiga mpira wa juu, watoto wanapiga kelele. Nikasema, "Anasema ni za zamani."

Basi. Maneno manne. Sikusema uongo, eti. Nikaomba ruhusa nikakimbia.

Ramadhani mwaka ule iliangukia majira ya joto yanapoanza. Bibi alifunga pamoja na joto lote lile, nyenje wakilia mchana kutwa kwenye miti mpaka kichwa kinauma. Ndipo Jirani akapata siku ya kupasuliwa nyonga, na kabla hajaenda hospitali akatuletea kisanduku. Mtaa ulikuwa umeingiliwa na wezi, mpwa wake yuko mbali, hakumwamini mwingine. Alikiweka mikononi mwa Bibi, akafunga mikono ya Bibi juu yake kwa mikono yake mirefu. Hapo hapakuhitajika mfasiri.

Sasa nikueleze desturi, kwa sababu bila hiyo utamwona Bibi mjinga, na Bibi hakuwa mjinga. Nyumbani kwake Tanga, kumi la mwisho la Ramadhani, kila kitu cha shaba hutolewa nje. Masinia, birika, buli, chetezo. Vinasuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka mtu ajione uso, kwa kuwa Idd haikaribishwi na shaba nyeusi. Na jirani akiwa mgonjwa, unamfanyia na vyake. Unafagia uwanja wake, unafua mapazia yake, unasugua shaba yake, ili akirudi kutoka hospitali asikute kazi inamngoja. Kuacha shaba ya mgonjwa ikiwa nyeusi ndani ya nyumba yako ni kumsimanga. Bibi alikuwa amekwisha fagia uwanja wa Jirani. Mapazia alishayafua. Kilichobaki ni kile kisanduku.

Nilirudi shule nikamkuta kwenye saruji ya uani, chini ya kamba ya nguo, miguu kainyoosha. Ametandika kanga. Pembeni kuna bakuli la ukwaju kutoka kwa Wahindi, kopo la majivu aliyoyachota kwenye jiko la baba la kuchomea nyama, vipande vya limau la Jirani mwenyewe, na kishungi cha nyuzi za nazi. Na juu ya kanga sarafu zote, kila moja imelala juu ya bahasha yake, hakuchanganya hata moja. Zilikuwa zinang'aa. Jua lilizipiga mpaka nikafumba macho. Dubu alionekana kila unyoya. Stafeli limekuwa la dhahabu.

"Siku mbili," Bibi akasema. Midomo imemkauka kwa saumu, ncha za vidole zimechubuka kwa limau na mchanga wa majivu. "Zilikuwa na uchafu wa watu wote waliokufa. Mtazame yule chui wako."

"Dubu, Bibi," nikasema.

Nilijua pale pale. Na nitakwambia aibu yangu ya kwanza, kwamba sikumhurumia Bibi, wala Jirani. Nilijihurumia mimi. Bibi alipokwenda kuswali alasiri nilichukua dawa ya viatu ya baba, nyeusi, nikampaka Hamburg. Nikasugua kwa soksi. Dawa ikaingia kwenye herufi na kwenye mlango wa ile minara, kwingine ikateleza, sarafu ikawa na madoa kama uso wa mtoto aliyekula masizi. Nikaogopa kuendelea na ya pili. Nikairudisha kwenye bahasha yake.

Jirani alirudi siku moja kabla ya Idd, akitembea na kigari cha chuma cha kuegemea. Siku ya Idd, baada ya swala, Bibi alivaa kanga mpya, akajaza sinia: biriani, tambi, kaimati, na katikati kisanduku kimefunikwa kitambaa alichokidarizi kwa mkono. Mimi nikifuata nyuma kama mtuhumiwa. Jirani alikuwa kitini. Bibi akamwekea kisanduku mapajani, akakifungua mwenyewe, akatoa ya kwanza, akamshikisha. Akarudi nyuma hatua moja, mikono kaifumbata, uso wote unacheka.

Jirani aliitazama ile sarafu. Akatoa nyingine. Akatoa na nyingine. Nyenje walikuwa wanalia nje. Machozi yakaanza kumtoka, na Bibi akafurahi zaidi, akijua ni ya furaha. Halafu Jirani akaniangalia mimi, si Bibi.

"Did you tell her?" akaniuliza taratibu. Ulimwambia?

Nilikuwa na nafasi. Wakati mwingine naiona nafasi ile, pana kama mlango wa gereji. Nikasema kwa Kiingereza, "Yes. She forgets things. She's old." Ndiyo, nilimwambia, ila yeye husahau, ni mzee.

Bibi yangu, aliyejua Yasini kwa moyo na siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa mtaa wao.

"Amesemaje?" Bibi akauliza, bado anacheka.

"Anasema ahsante. Anasema zimependeza."

Hapakuwa na ugomvi. Laiti ungekuwepo, mama angeamshwa, mambo yangesemwa. Jirani alimpa Bibi mkono, akala biriani kijiko kimoja. Lakini Alhamisi iliyofuata alisema nyonga inauma. Iliyofuata pia. Kisanduku hakikutolewa tena barazani. Ndoo ya bluu ilikuja siku moja na malimau, Bibi akairudisha na kaimati, na ikabaki kule kwake. Asubuhi bado waliitana, "Jirani!" "Jirani!" ila sauti ya upande wa pili ilikuwa imepoa, na Bibi si mtu wa kudanganywa na sauti.

"Nimemkosea nini Jirani?" aliniuliza siku moja akinisuka. "Muulize. Kama nimekosa nimwombe radhi."

"Nothing, Bibi."

Mikono yake ilisimama kidogo kichwani mwangu, kisha ikaendelea.

Viza ikaisha mwezi wa tatu. Siku ya kuondoka, baba ameshawasha gari, Bibi alikwenda hadi kwenye uzio, akapanda juu ya kreti lake, akaita. Jirani alikuwa dirishani. Aliinua mkono. Bibi naye akainua wake, akangoja kidogo kama anayengoja mtu atoke, halafu akashuka. Nilimshika kiwiko asianguke. Alikuwa mwepesi sana.

Kila alipopiga simu kutoka Tanga alimaliza hivyo hivyo, "Na Jirani hajambo? Mfikishie salamu zangu." Nami, "Sawa, Bibi." Sikuzifikisha hata moja. Miaka ikapita, tukahamia Doonside. Kabla hatujahama Jirani alinisimamisha siku moja njiani, nikiwa na begi la sekondari, akaniuliza kama ninayo anwani ya Bibi huko kwao. Nilisema nitamwuliza mama. Sikumwuliza. Nilidhani anataka kumwandikia malalamiko, na siri yangu itafumuka. Bibi alifariki nikiwa chuo, wiki ya mitihani, na mama akaenda kuzika peke yake.

Nimefika hapa katika kuandika nikaona ni upuuzi. Nimeinuka, nimekiteremsha kisanduku. Sasa kipo mbele yangu juu ya meza ya jikoni. Ni saa tano asubuhi, mashine ya kufulia inanguruma, jirani wa siku hizi, ambaye sijui jina lake wala yeye langu, anakata nyasi.

Nimezitoa zote. Zimeanza kufifia tena, kidogo kidogo, weusi unarudi pembeni. Juu ya kila bahasha, pale palipoandikwa hali ya sarafu, Jirani amepiga mstari wa penseli na kuandika upya kwa mkono ule ule. Ameandika kwenye ya Bern, ya Geneva, ya Riga, kwenye zote arobaini na kitu, maneno yale yale kwa Kiingereza: imeoshwa na Bibi, jirani yangu, kwa ajili ya Idd. Alipaswa kuandika "imeharibika". Wakusanyaji ndivyo wanavyoandika. Yeye ameandika jina la aliyeosha kama anavyoandika jina la aliyempa zawadi.

Kwenye ya Hamburg, ya baba yake, ameongeza mstari mmoja. Dawa ya viatu: mtoto.

Nimecheka, rafiki yangu, kisha nimekaa chini sakafuni. Alijua. Mtu hapaki dawa ya viatu kwenye sarafu ila awe anajua hazikupaswa kuoshwa, na anaogopa. Sijui aliifungua lini ile bahasha, labda wiki ile, labda baada ya Bibi kuondoka. Lakini alipoifungua alielewa kila kitu, kwamba Bibi hakuambiwa, na kwamba niliyemwita msahaulifu hakusahau chochote. Na angefanya nini? Mdomo pekee uliokuwa kati yao ulikuwa wangu, na hakuwa na sababu tena ya kuuamini.

Bahasha ya mwisho ni ya Stafeli. Hiyo ni kubwa zaidi, ya barua, imewekewa stempu. Juu yake ameandika Bibi, halafu nafasi tupu, halafu Tanga, Tanzania. Ndani mna ile sarafu, na kipande cha karatasi. Naona alitumia kamusi, neno baada ya neno, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika tiketi:

BIBI. FEDHA SAFI. MIMI SI HASIRA. MIMI KOSA. NJOO CHAI. JIRANI.

Ile nafasi tupu ni ya anwani. Nilisema nitamwuliza mama.

Siku hizi Toongabbie hakuna aitaye mtu juu ya uzio. Watoto wa kriketi wana watoto wao. Mimi mwenyewe Kiswahili nilikuja kukipenda nikiwa mkubwa, nikakisoma vitabuni, nikakinunua kwa jasho, na sasa ninacho cha kutosha kufasiri kila neno alilowahi kusema yule mama barazani kwake, pamoja na kikohozi. Ninachokikosa ni mtu wa kuniuliza amesemaje.

Basi nimesimama jikoni kwangu, nimezipanga juu ya kanga, kila moja juu ya bahasha yake, kama alivyozipanga yeye. Nimeshika ile karatasi. Nimesema kwa sauti, mashine ya kufulia ikinguruma, "Bibi, Jirani anasema hivi," na nimemwambia yote, tangu mwanzo, bila kuruka neno.